Tulipanda miche 2,000, mingi ikafa. Tufanyeje ili ndege na kima warudi?

Swali: Mwalimu, pokea salamu zetu. Sisi ni kikundi cha akina mama na vijana, watu 27, upande wa Ileho, kaunti ya Kakamega. Familia tatu zimetupa ekari tatu kando ya kijito kinachoingia mto Isiukhu. Wazee wanasema palikuwa msitu, sasa ni malisho yenye mapera machache. Novemba tulipewa miche 2,000 tukaipanda kwa siku moja, chifu akiwepo. Machi tulihesabu iliyo hai, haifiki 300. Wengine wanatuambia tupande mikaratusi na grevilia kwa kuwa hiyo haisumbui, lakini sisi tunataka msitu wa kweli, ndege na kima warudi. Tupande miti gani? Mapera tuyakate? Na kima wakirudi, mahindi yetu je? Kuna pia kijana amekuja na habari ya pesa za kaboni.

Jibu: Dada, poleni sana. Kuona miche 1,700 imekauka baada ya watu 27 kuinama kutwa nzima ni jambo la kuumiza. Nimefurahi kwamba mlirudi Machi mkahesabu, maana vikundi vingi ninavyovijua havirudi. Picha zikishapigwa na mgeni wa heshima akishaondoka, watu hukumbuka idadi iliyopandwa tu, na iliyopona haiulizwi na mtu. Nyinyi mna namba ya kweli mkononi: katika kila miche saba, mmoja ndio uliopona. Tuanzie hapo.

Mlipanda katika mwezi usiofaa kwa huku kwetu. Serikali ilipotenga Novemba 13, 2023 kuwa sikukuu ya kupanda miti, nchi nzima ilishika majembe siku moja, na lengo la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032 linahitaji watu watoke nje namna hiyo. Tatizo ni kwamba mvua hazifuati kalenda moja Kenya nzima. Kwa watu wa Machakos na Kitui, Novemba ndiyo mvua yao ya kutegemewa. Kwetu magharibi mvua kubwa huanza mwishoni mwa Machi, hukolea Aprili na Mei, kisha huendelea kwa vipindi hadi Septemba au Oktoba. Kuanzia Desemba hadi Februari ni jua. Mche ulioingia ardhini Novemba ulipata wiki chache tu za kushusha mizizi kabla ya udongo kupasuka. Ungeingia Aprili ungekuwa na miezi sita au saba. Mkipewa tena miche Novemba, ipokeeni kwa shukrani, muiweke kitaluni chini ya kivuli, muimwagilie hadi mvua ya Aprili.

La pili mnaweza kulichunguza wenyewe leo jioni. Ng'oeni miche kama 20 iliyokufa muitazame mizizi. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye shamba moja kusini mwa msitu wa Kakamega, watu wakilalamika kwamba udongo wao "umekataa miti". Nilipochomoa mche wa kwanza ulitoka na mfuko wake mweusi wa naili, kama ulivyotoka kitaluni. Ndani ya mfuko mizizi ilikuwa imejizungusha na kujisokota kama ukili wa kikapu. Wa pili ulikuwa vivyo hivyo. Katika mstari wa miche 40, 11 ilikuwa imezikwa na mifuko yake. Hakuna aliyekusudia. Watu walikuwa wengi, mawingu yalikuwa yameshatanda, na watoto waliopewa miche hawakuonyeshwa. Tangu siku hiyo, kila tunapopanda, huweka mtu mmoja mwenye gunia ambaye kazi yake ni kupokea mifuko mitupu. Jioni tunahesabu mifuko, na idadi yake lazima ilingane na idadi ya mashimo.

Lakini hata kama mngepanda Aprili na mifuko yote ikatolewa, bado ningekuwa na wasiwasi. Umeniambia pale ni malisho, halafu hukutaja ng'ombe hata mara moja.

Nieleze ninavyoliona jambo hili, kwa sababu mengine yote yanatokana nalo. Msitu wa Kakamega ndio kipande cha mwisho upande wa mashariki cha msitu mkubwa wa mvua uliotanda kutoka Kongo. Eneo lililotangazwa rasmi ni kama kilomita 240 za mraba, na si lote lililo msitu asilia tena. Limekatwakatwa na mashamba, malisho, miti ya kupandwa, barabara na hata machimbo ya dhahabu ya miaka ya 1930. Hata hivyo mvua ya hapa inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na mbegu ziko karibu, juu ya miti iliyosimama upande wa pili wa mashamba yenu. Ardhi ya namna hiyo ikipumzishwa huanza kujirudia yenyewe. Kwa hiyo ninapofika mahali kama penu huuliza kwanza ni kitu gani kinachouzuia msitu kurudi. Habari ya miche inakuja baadaye. Kwenu naona vizuizi vitatu: ng'ombe, nyasi, na ndege kukosa pa kutua.

Ng'ombe ndio wagumu kuliko vyote, kwa sababu wana wenyewe. Familia tatu zimetoa ardhi, Mungu awabariki, lakini je, zimetoa pia malisho? Ng'ombe wao watakula wapi, na watanywa maji kwa njia gani? Nimeona waya ukiwekwa na kukatwa usiku. Aliyeukata hakuwa na chuki na msitu, alikuwa na ng'ombe wawili wenye kiu. Kaeni chini na wenye ardhi kabla ya mvua nyingine. Acheni njia moja ya ng'ombe ya kushuka kijitoni, pana vya kutosha, yenye uzio wa miti hai pande zote mbili. Kisha wekeni makubaliano kwamba nyasi za ndani ya eneo ni mali yao, ila zitakatwa kwa mkono na kubebwa hadi zizini, na mnyama mwenyewe haingii. Hapo mtakuwa mmepata palizi ya bure. Mama anayekuja kukata nyasi za ng'ombe wake ndiye atakayeyafunua machipukizi yasonge juu, mradi kila mche uwe na kijiti kirefu kando yake ili panga lisiupitie.

Makubaliano hayo yaandikwe, hata kama ni karatasi moja, yasainiwe mbele ya naibu wa chifu, na watoto wakubwa wa familia hizo wawepo. Yaseme miti ni ya nani, matunda na asali ni vya nani, na itakuwaje mwenye ardhi akitaka kuuza. Najua kuulizana maswali haya kati ya majirani kunaonekana kama kutoaminiana. Nimeshuhudia msitu mchanga wa miaka sita ukikatwa wote katika wiki moja kwa sababu mzee aliyetoa ardhi alifariki na hapakuwa na maandishi.

Nyasi nazo huua kimyakimya. Mche mdogo hunyimwa maji na mwanga, halafu mwezi wa Januari nyasi zilizokauka zikishika moto huondoka nao. Palilieni duara la mita moja kuzunguka kila mche, mara tatu kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Tandazeni majani makavu ndani ya duara, yasiguse shina. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kurudisha msitu, na haina mgeni wa heshima wala picha. Kikundi cha watu 27 kikigawana vizuri, hakuna atakayelemewa, kama nitakavyoonyesha hapa chini.

Sasa tufike kwenye mapera, kwa maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Msiyakate, angalau kwa sasa.

Mpera si mti wa kwetu kwa asili. Ulitoka Amerika, na kwenye malisho yaliyochoka unaweza kujaa hadi ukaudhi. Lakini watafiti waliochunguza mapera yaliyosimama mashambani kandokando ya msitu wa Kakamega, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008, walikuta ndege wengi wala matunda wakitua humo, na chini ya matawi walikuta miche ya miti ya msituni imeota. Sababu yake ni rahisi. Ndege aliyekula matunda msituni hapendi kuvuka uwanja mtupu, humwogopa mwewe. Akipata mti katikati ya safari hutua, hula, hujisaidia, kisha huendelea. Mbegu alizobeba huanguka kivulini, mahali ambapo nyasi ni dhaifu na udongo una unyevu. Mpera mmoja mzee kwenye malisho ni kitalu ambacho hakuna aliyewahi kukilipia kibarua.

Kwa hiyo miti yenu ichagueni kwa kuuliza ni nani atakayekuja kula hapo. Wenzetu wa Queensland kule Australia, na baadaye Chiang Mai nchini Thailand, walifanya kazi yao kwa msingi huo: hupandi kila mti wa msituni, unapanda aina chache za kienyeji zinazokua haraka, zinazofunika nyasi kwa kivuli na zenye matunda ya kuwaita ndege na wanyama. Hao wageni ndio wanaoleta aina nyingine mamia ambazo hakuna kitalu kinachoweza kuziotesha zote.

Kwenu ningeanza na mutere (majina ya miti ninayotaja hapa ni ya Kiluhya; mutere kitaalamu ni Maesopsis eminii). Ukikubali ardhi unaweza kukupita kimo mwaka wa pili, na matunda yake hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, na kima huyapenda mno. Nguvu ya hondohondo isipuuzwe. Kule Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki nchini Tanzania, mutere ulipelekwa na wageni kama mti wa mbao, na hondohondo wa kule wakausambaza msituni hadi ukawa msumbufu kwa miti ya wenyeji. Huku kwetu Kakamega ni mwenyeji halisi, kwa hiyo kile kilichokuwa balaa Amani kwetu ni msaada. Ongezeni musutsu, ambao huvumilia udongo uliochoka, na mwanzu wenye shina lililonyooka. Wekeni lusiola, kwa sababu huota kirahisi na fito zake zitawafaa watu wakati msitu unakua. Kisha mukumu. Kama mngeniambia nichague mti mmoja tu, ningechagua mukumu, kwa sababu mikuyu ya aina yake haizai yote kwa msimu mmoja. Huu unazaa mwezi huu, ule mwezi ujao, na wakati miti mingine yote ni mitupu, kima, hondohondo, njiwa na popo hukusanyika hapo. Baadhi ya mikuyu hukubali hata kupandwa kwa kipande cha tawi nene, ukikichomeka ardhini mvua inapoanza. Muulizeni mzee yeyote aliyewahi kuweka uzio wa boma, atawaonyesha ni ipi.

Chini ya hiyo, mahali penye kivuli kidogo, ndipo muweke miti ya subira: mwiritsa na shikhuma. Mwiritsa una historia ya uchungu. Gome lake hutengenezewa dawa za tezi dume zinazouzwa Ulaya, na uchunaji ulikuwa mkubwa hadi biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa katika miaka ya 1990. Mbegu yake haikai. Tunda likiiva na kuwa jekundu iliyokoza, lisugueni nyama yote itoke, muoshe na kuotesha siku zilezile. Ukiiacha gunia zima ghalani hadi mwezi ujao, utakuwa umeotesha vumbi. Mbegu za mutere hazina haraka, huweza kukaa udongoni miezi kadhaa kabla ya kuchipua, kwa hiyo msizimwage mkidhani zimeoza. Lusiola huchomoza ndani ya wiki mbili au tatu. Na shikhuma huwashinda wengi kuotesha, hata mimi. Ni afadhali kutafuta miche yake iliyojiotea chini ya mti mama, ingali na majani mawili hadi manne, kuichimbua udongo ukiwa umelowa na kuilea kwenye mfuko chini ya kivuli kizito kwa wiki kadhaa.

Mbegu msizichume kwenye mti mmoja eti kwa sababu uko karibu na nyumbani. Zungukeni hadi mpate miti mama 15 au 20 ya kila aina, iliyoachana angalau mita 50. Watoto wa mti mmoja wote ni ndugu, na msitu wa ndugu watupu ugonjwa ukiingia haubakizi. Na kama mbegu au miche iko ndani ya msitu wa serikali, ombeni ruhusa kwanza. Sehemu ya kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985, na sasa iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Sehemu kubwa ya kusini iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ina kituo Maseno, nao husikiliza vikundi kama vyenu. Chama cha jamii cha msitu, kile tunachokiita CFA, kinatambuliwa na sheria ya misitu ya mwaka 2016, na kujiunga nacho kutawarahisishia mlango huo.

Kuhusu idadi, mtashangaa, nitawashusha. Msijaribu tena 2,000. Pandeni visiwa. Chagueni sehemu 12 ndani ya ekari hizo tatu, mkianzia pale ambapo ile miche 300 imepona kwa wingi na chini ya mapera. Kila kisiwa kiwe na miche 50 ya aina mchanganyiko, hatua mbili hadi tatu kati ya mmoja na mwingine. Jumla ni 600. Eneo mtakalolipanda ni kama moja ya tano, na lililobaki mtalilinda tu dhidi ya ng'ombe na moto, ndege walijaze. Kusini mwa Costa Rica wamekuwa wakifuatilia majaribio ya namna hii tangu mwaka 2004, ambapo visiwa vilitumia kama robo tu ya miche ya shamba lililopandwa lote, na bado mbegu na ndege walirudi karibu sawa na kule kulikopandwa kila mahali. Sisemi Ileho ni Costa Rica. Nasema watu 27 wakigawana miche 600, kila mmoja anapata 22, na miche 22 mtu anaweza kuijua mmojammoja, kuipalilia kabla ya chai ya saa nne na kurudi nyumbani. Miche 2,000 haikuwa na mwenyewe.

Muda wa kuandaa ni huu. Mkiotesha mbegu kuanzia sasa, mtakuwa na miche ya kimo cha goti Aprili ijayo. Mwezi mmoja kabla ya kupanda punguzeni maji na kuondoa kivuli taratibu ili izoee jua, na katieni mizizi iliyotoboa mifuko. Mashimo yawe ya sentimita 45 upana na kina, udongo wa juu ukiwekwa upande wake na kurudishwa chini kwanza, penye mizizi.

Mikaratusi na grevilia: wanaowashauri wana hoja moja ya kweli, nayo ni kuni. Mkiurudisha msitu huku jiko halina kuni, msitu huo utaliwa na jiko. Tengeni nusu ekari mahali pakavu, mbali na kijito, muweke mikaratusi ya kuni na fito. Grevilia ikae mipakani. Lakini kando ya maji msiweke mkaratusi hata mmoja, hunywa sana. Kanuni za maji zinalinda ukingo wa kuanzia mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto, na ukanda huo wenu mnaweza kuupa kazi kubwa zaidi. Kima na mbega hawapendi kutembea chini. Wanataka tawi lishikane na tawi. Mstari wa miti kandokando ya kijito chenu, ukiunganika na wa majirani hadi msituni, ndio ushoroba watakaoupitia. Kwenye kipande cha Kisere, kaskazini, bado wapo kalasinga wachache, wale kima wenye ndevu nyeupe, nao hukaa sana kwenye misitu ya kando ya mito. Sitawaahidi kalasinga. Ila mnyama wa aina hiyo hawezi kufika popote bila miti ya mtoni.

Na sasa mahindi. Sitawadanganya, kima watayala. Wakirudi na wakute mahindi yamegusana na msitu, watakuwa wajinga wasipoyala. Kinachosaidia ni mpaka wenyewe. Tangu miaka ya 1980 serikali ilipanda ukanda wa majani chai kuzunguka misitu kadhaa, Kakamega ukiwemo, kwa sababu chai haiwavutii nyani na inaonyesha wazi msitu unaishia wapi. Nyinyi si lazima iwe chai. Mistari ya karibu na miti iwe ya mimea wasiyoipenda, kama pilipili au mwonyi, ule mmea wenye harufu kali. Wakulima wa kikundi cha Muliru, karibu na Isecheno, waliulima mwonyi na kuukamua mafuta ya kutengenezea dawa ya kuchua, na mwaka 2010 walipata tuzo ya kimataifa ya Ikweta kwa kazi hiyo. Mahindi yasogezwe karibu na nyumba, penye watoto na mbwa. Chini ya kivuli pandeni mukombero, ule mmea wa mizizi ya kutafuna, ambao msituni umechimbwa hadi umeadimika na sokoni haukosi mnunuzi. Kwa asali, ulizeni pia habari ya nyuki wasiouma. Mama akiuza kitu kinachotoka pembeni mwa msitu, siku kima atakapong'oa mabua matatu hasira yake itakuwa na kipimo.

Kuhusu kijana wa pesa za kaboni, zile zinazolipwa kwa hewa chafu ambayo miti huinyonya: msisaini kitu. Ekari tatu ni ndogo mno kubeba gharama za kupimwa na kukaguliwa peke yake. Marekebisho ya sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2023 yanataka mradi wa ardhi ya jamii uwe na mkataba wa maendeleo na uwape wenyeji angalau asilimia 40 ya mapato. Akirudi mwambieni alete maandishi, nanyi muyapeleke kwa mtu anayeielewa sheria kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Umeuliza pia, kwa maneno mengine, mtasubiri hadi lini. Ndege wadogo, shore na wenzake, wataanza kuja miti ikifika kimo cha mtu na matunda ya kwanza kutokea. Mwaka wa tatu au wa nne, visiwa vikianza kugusana na kivuli kikiua nyasi, mtaona chini miche ambayo hamkuipanda, na hiyo ndiyo dalili ninayoitafuta mimi kuliko urefu wa miti. Kima watapita siku ambayo matawi yatashikana. Hondohondo atakuja kula mapema, lakini kuzaa kwake ni hadithi nyingine. Jike hujifungia ndani ya pango la mti, akaliziba kwa udongo na kubakiza ufa mwembamba, na dume humlisha kupitia ufa huo hadi makinda yakue. Pango kama hilo halipo kwenye mti wa miaka 10 wala 30. Kwa hiyo kama mna mti mzee popote kwenye mashamba yenu, hata uliokauka nusu, hata mbao yake ikitamaniwa na fundi, uacheni. Hakuna kati yetu atakayeweza kupanda mwingine kama huo akauona.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Kabla panga halijagusa mpera wowote, nendeni asubuhi chini ya kila mmoja, watu wawili wawili, na bunda la vijiti. Mmoja afunue nyasi taratibu kwa mkono, mwingine achomeke kijiti penye kila mche ambao si mpera. Mchukueni mama mzee anayejua majina. Kila jina mliandike kwenye daftari, na lile mtakalolikosa mchukue jani moja mlikaushe kati ya kurasa. Mkimaliza mapera yote, hesabuni vijiti mniandikie idadi.